Pampu Haina Hatia Hadi Ipimwe

Lori likishindwa kupanda mlima, hukumu hutoka kabla ya uchunguzi. "Mzee, pampu imekufa. Tafuta ingine." Utaisikia kauli hiyo Makina, kando ya Kibera Drive, utaisikia Kawangware kwenye Barabara ya Naivasha, na utaisikia hata Kirinyaga Road kutoka kwa muuza spea ambaye lori lenyewe hajaliona. Imerudiwa mara nyingi hadi imeshika nafasi ya elimu: dizeli ikikosa nguvu, pampu, ikisumbua kuwaka asubuhi, pampu, ikizima na mzigo mgongoni, pampu. Mwenye lori anakopa, pampu inanunuliwa, inafungwa, na baada ya siku chache lori limesimama palepale, sasa likiwa na deni juu yake.

Napinga kauli hiyo waziwazi. Sisemi pampu hazifi. Zinakufa, na dalili za kifo chake nitazieleza. Ninachokataa ni kuihukumu bila kipimo, ilhali kipimo kipo na hakihitaji karakana kubwa ya Industrial Area. Ni mambo mawili tu: presha ya mafuta yanayoingia kwenye pampu, na wingi wa mafuta yanayorudi tangini. Fundi ambaye hajapima hayo mawili, awe na cheti cha NITA au hana, hana haki ya kumtuma mtu akanunue pampu.

Nianze na mafuta yanayorudi, kwa kuwa ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote. Watu wengi, hata madereva wazoefu, hudhani kila tone linalotoka tangini huishia kwenye silinda. Sivyo. Pampu hupewa mafuta mengi kuliko yanayoweza kuchomwa, na ziada hurudi tangini kwa mpira wake. Ziada hiyo ina kazi: inapooza pampu, inalainisha vyuma vyake na kuondoa hewa iliyoingia njiani. Kwa hiyo mpira wa kurudisha hubeba habari za mfumo mzima. Ukirudisha kidogo mno, kuna kitu huko nyuma kinainyima pampu mafuta. Ukirudisha mengi mno, presha imepata mahali pa kutorokea. Ukirudisha povu, lori linanyonya hewa. Habari hizi zote ziko wazi kwa mtu yeyote atakayechomoa mpira huo na kuutia kwenye chombo safi.

Chukua malori ya zamani kidogo ambayo bado yanatubebea mchanga na kokoto, Canter za injini ya 4D33 na Isuzu NQR za 4HG1. Plunja za pampu zake hupangwa kwa safu. Pampu ndogo ya kuvuta iliyofungwa ubavuni huleta mafuta, yanapita kwenye filta, yanajaza chumba cha pampu kubwa, na ziada inatoka kupitia vali ya kurudisha. Vali hiyo haizidi ukubwa wa bolti, na ndani yake mna springi ndogo. Springi ndiyo inayoshikilia presha chumbani. Ikichoka, mafuta yanakimbilia tangini kabla plunja hazijajaa sawasawa, na lori linalegea hasa likiwa na mzigo na dereva amekanyaga. Pampu yenyewe ni nzima. Kilichoharibika ni kitu kinachotosha kwenye mfuko wa shati.

Kulitambua hilo ni kazi ya dakika chache. Funga geji baada ya filta, upande wa presha ndogo, kabla mafuta hayajaingia pampu kubwa. Washa injini, ikanyage kidogo, kisha ubane mpira wa kurudisha polepole kwa sekunde chache huku ukitazama sindano. Ikipanda vizuri, pampu ndogo ina nguvu na vali ndiyo iliyochoka. Ikikaa chini, tatizo liko nyuma: kwenye pampu ndogo, kwenye filta, kwenye bomba au tangini. Hujafungua kitu chochote kikubwa, na tayari umejua upande wa kutafuta. Linganisha jaribio hilo na kazi ya kuishusha pampu, kuipeleka mjini ikapimwe, kuirudisha na kuiseti taimingi upya.

Kwenye pampu za rotari, kama zile za Hiace zenye injini ya 3L na 5L, kuna mtego mwingine unaostahili kutazamwa kwa karibu. Mafuta hurudi kupitia bolti yenye kitundu chembamba, chini ya milimita moja, na kichwani pake pamechapwa neno OUT. Bolti ya kuingizia mafuta inafanana nayo kwa nje, lakini matundu yake ni mapana. Mtu akizibadilisha wakati wa kusafisha filta au kubadilisha mipira, presha ya ndani ya pampu haijengeki, taimingi haisogei inavyopaswa, na injini inakuwa dhaifu na yenye moshi. Nimeona pampu ya namna hiyo imeshushwa, imefunguliwa na kutandazwa juu ya gunia, mwenye gari ameshaambiwa atafute ya ex-Japan, na bolti ya OUT iko upande wa kuingizia. Hakuna aliyesoma kichwa cha bolti.

Wanaotetea mazoea haya watasema hayo ni mambo ya injini za kale, na kwamba dizeli za kisasa ni kazi ya kompyuta. Hapa ndipo wanapokosea zaidi, kwa sababu kwenye dizeli za kisasa kukisia kunaumiza kuliko zamani. Denso ya Japani iliingiza mfumo wa reli ya pamoja kwenye malori ya Hino mwaka 1995, na tangu hapo karibu kila mtengenezaji amefuata. Kenya haipokei magari kuukuu yaliyozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo dizeli zinazoshushwa Mombasa sasa ni za reli kwa wingi. Isuzu za injini ya 4HK1 ni za reli. Lori linaloleta kabichi na viazi Kawangware kutoka Kinangop huenda nalo ni la reli, hata kama bodi yake ya mbao imechakaa.

Katika mfumo huu pampu hujaza mafuta ndani ya bomba moja nene, reli, na kila injekta huchukua kutoka hapo inapoamriwa na kompyuta. Presha ya reli hufika bari 1,600 na zaidi. Ukitaka kuelewa ukubwa wake, fikiria tairi la lori lililojazwa sawasawa, kisha uzidishe presha hiyo mara 200. Ndiyo maana ile desturi yetu ya kulegeza nati ya nozeli injini ikiwaka, ili tusikie silinda ipi haifanyi kazi, haina nafasi hapa. Mchirizi wa dizeli wa presha hiyo hupenya ngozi na kuingia ndani ya nyama, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano linaweza kumpotezea mtu kidole au mkono asipofikishwa kwa daktari wa upasuaji haraka. Kila mzee wa gereji mwenye vijana wanaojifunza kwake awaambie hilo kabla hajawakabidhi spana.

Sasa tazama jinsi pampu inavyosingiziwa. Injini nyingi za reli haziwaki hadi presha ifike karibu bari 200 hadi 300 wakati wa kupiga stata. Tuseme haifiki. Skana inachomekwa, inaandika P0087. Fundi anamgeukia mwenye lori: pampu. Lakini P0087 inasema tu kwamba presha ya reli iko chini. Haisemi ni kwa nini. Presha inaweza kuwa chini kwa sababu filta imeziba, kwa sababu mafuta yanakuja na hewa, kwa sababu vali ya SCV inayopima mafuta yanayoingia pampuni imekwama, kwa sababu vali ya usalama iliyo mwishoni mwa reli inavuja, au kwa sababu injekta mojawapo imechakaa ndani na inamwaga mafuta kwenye njia yake ya kurudi. Pampu inaweza kuwa inasukuma kwa nguvu zake zote na reli isijae.

Hapo ndipo chupa za maji zinapoingia. Kwenye injini ambazo mipira ya kurudisha ya injekta iko nje, chomoa mpira wa kila injekta, uchomeke mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na kila mpira uuelekeze kwenye chupa yake ya plastiki ya nusu lita, zote za aina moja, zikining'inia kwenye waya mmoja. Ziba njia ya zamani ya kurudisha ili isimwage. Washa injini iache ingurume bila kukanyagwa, au kama haiwaki piga stata kwa muda mfupi, kisha zima na utazame. Chupa tatu zikiwa na mafuta kidogo yaliyolingana na ya nne imejaa mara kadhaa zaidi, umempata mkosaji na jina lake si pampu. Zote zikijaa kwa wingi unaolingana, usifurahie usawa huo. Tafuta kipimo cha mtengenezaji, maana zote zinaweza kuwa zimechoka pamoja. Kwenye injini ambazo mirija hiyo imefichwa chini ya kifuniko cha vali, pima kwanza jumla inayotoka kwa mpira mmoja wa nje. Kisha chomoa mpira wa vali ya usalama ya reli na uutazame peke yake. Kwa kawaida haupaswi kutoa kitu. Ukichirizika wakati presha ya reli iko chini, vali hiyo imechakaa.

Upande wa kuvuta nao una hila ambayo huwadanganya hata watu makini. Kwenye pampu nyingi za Denso, pampu ndogo ya kuvuta imo ndani ya pampu kubwa, na njia yote kutoka tangini hadi pale inavutwa, haisukumwi. Ufa kwenye mpira wa kuvuta haudondoshi mafuta injini ikiwaka, unanyonya hewa. Fundi anapangusa mkono chini ya bomba, anauona mkavu, anasema hakuna kinachovuja. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani karibu na mlango wa pampu na utaona viputo vikipita. Ukitaka uhakika zaidi, chukua mtungi safi wa lita 20, utie dizeli nzuri, uuweke juu kidogo, ulishe pampu moja kwa moja kutoka hapo na mafuta yanayorudi yaingie humo humo. Lori likianza kuvuta kama zamani, tatizo liko kwenye tangi, chujio lake, tundu la hewa la kifuniko au mabomba. Makina nzima haikosi mtungi wa lita 20.

Na moshi je? Ajabu ni kwamba dalili iliyo wazi kuliko zote ndiyo inayosomwa kinyume. Lori lisilovuta na linalotoa moshi mweusi mzito mlimani halijanyimwa mafuta. Mafuta yanafika, pengine yanafika mengi kuliko hewa, au injekta hazipulizi sawasawa. Tazama mpira wa intakula, turbo na filta ya hewa kabla hujaigusa pampu. Injini inayopigwa stata bila kutoa moshi wowote ndiyo inayokupa sababu ya kushuku kwamba mafuta hayafiki kwenye silinda.

Sasa nije kwenye hoja yao iliyo nzito: mafuta yetu. Wanasema dizeli ya Kenya huchanganywa na mafuta taa, mafuta taa hayalainishi, kwa hiyo pampu lazima ife na hakuna haja ya kupima. Sehemu ya kwanza ni kweli. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Uchanganyaji ulikithiri kiasi kwamba Septemba 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili faida ya wachanganyaji iishe. Mzigo huo ukamwangukia pia mama wa Kibera anayepikia jiko la mafuta taa, ambaye hajawahi kumiliki lori maishani mwake. Nakubali pia kwamba kusafisha salfa hadi kiwango cha sehemu 50 kwa milioni, tulichoanza kukitumia Afrika Mashariki mwaka 2015, huipunguzia dizeli ulainishaji wake wa asili, na lazima iongezewe dawa ya kufidia.

Lakini fuata hoja hiyo hadi mwisho wake. Mafuta mabaya hayachagui pampu. Yanapita pia kwenye SCV na kwenye injekta, na vyuma vya injekta vimekaribiana kama vya pampu au zaidi. Maji na uchafu huanzia kwenye filta. Kwa hiyo hata ukiwa na yakini kwamba lori limelishwa mafuta taa, bado hujui ni kifaa kipi kimeumia. Hoja ya mafuta machafu ni sababu ya kupima zaidi. Na ukiifunga pampu mpya juu ya tangi lilelile chafu, utakuwa unailisha sumu ileile.

Kuna nyakati pampu imekufa kweli, na hapo sitaki mtu alegee. Ifungue SCV na uitazame kwenye jua, ukate filta na uikunjue karatasi yake. Ukikuta vumbi la chuma linalometameta, pampu inajila. Lakini hata hapo, tiba ya kubadilisha pampu peke yake ni hasara, kwa sababu ule mpira wa kurudisha umekuwa ukibeba chuma hicho hadi tangini. Kitavutwa tena na kuingia kwenye pampu mpya. Tangi lishushwe lioshwe, mabomba na reli visafishwe, filta ibadilishwe, injekta zipimwe. Asiyeweza kufanya kazi hiyo yote asianze nusu yake. Vilevile, upande wa kuvuta ukiwa safi, injekta zikiwa ndani ya kipimo, vali ya reli ikiwa kavu, SCV ikiwa imejaribiwa, na presha bado haipandi, basi pampu imehukumiwa kwa haki. Ipelekwe kwenye meza ya kupimia au ibadilishwe, na mwenye lori alipe akijua analipia nini.

Nimesikia pia kwamba lori likisimama ni hasara, hakuna muda wa chupa na mipira. Anayesema hivyo hajahesabu. Kushusha pampu na kufunga nyingine hula siku nzima, na ikiwa ni ya ex-Japan hakuna anayejua ilitolewa kwenye lori lililoenda kilomita ngapi. Vipimo nilivyoeleza vinaisha kabla ya chakula cha mchana. Kuhusu vifaa, geji ya presha ndogo, mita chache za mpira na chupa nne tupu si mali ya karakana kubwa. Skana ndogo zinazouzwa mjini, zile zinazoweza kulisoma lori, huonyesha presha inayotakiwa na presha iliyopo wakati injini inafanya kazi. Kinachokosekana ni mtu wa kuzilinganisha namba hizo lori likiwa barabarani na mzigo. Lori linalonguruma vizuri gerejini linaweza kufa kwenye mlima wa Mai Mahiu, na huko ndiko namba zinakosema ukweli.

Kiini cha malalamiko yangu ni nani anayelipia kisio. Fundi akikisia vibaya, halipi. Muuza spea halipi. Ukutani kwake ameandika kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Anayelipa ni mtu aliyenunua lori kwa mkopo wa sako, tanboi aliyekosa kibarua siku hizo zote, na mama wa soko la Kawangware ambaye viazi vyake vimechipua njiani. Fundi hodari wa jua kali anaumia pia, kwa kuwa kila pampu iliyobadilishwa bure humfanya mteja aamini kwamba mitaani hakuna ujuzi. Ujuzi upo. Unanyimwa nafasi na haraka ya kutaja pampu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa pande zote mbili. Fundi, andika vipimo kwenye risiti: presha ya kuingia, mafuta yaliyorudi kwa kila injekta, presha ya reli wakati wa kupiga stata na wakati wa mzigo. Mwenye lori, kabla hujatuma pesa ya pampu kwa M-Pesa, omba uonyeshwe hizo namba na uzione chupa kwa macho yako. Asiyeweza kukuonyesha hajapima, na asiyepima usimnunulie pampu.